Namba ya Bluetooth haina besi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa chuo aliweka boksi la eafoni mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa uso wa mtu anayerudisha maziwa yaliyokatika. "Fundi, hizi ulizonipa ni 5.0. Za jamaa yangu ni 5.3. Ndiyo maana zangu hazina besi."

Sikumjibu papo hapo. Nilikuwa na simu imepasuliwa tumbo na chuma cha kusoda kimeshapata moto. Ila hiyo ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Jumatatu konda wa costa ya Uyole, Jumatano mwalimu, Alhamisi dada wa saluni ya jirani ambaye hata hakuwa na tatizo lolote, alitaka tu kujua "kama zake zimepitwa". Wote wanasoma namba ileile ya toleo la Bluetooth pembeni ya boksi na kuipa kazi isiyo yake. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, akija wa tano nimpe asome huku mimi nasoda.

Namba ya Bluetooth haikuletei besi, wala haisafishi sauti. Eafoni nyingi tunazouza mjini zinapitisha muziki kwa njia ileile iliyokuwepo enzi za simu za batani. Toleo la 2.0, la mwaka 2004, lilishaleta kasi inayofika megabiti 3 kwa sekunde kwenye karatasi. Muziki kwa kodeki (njia ya kubana sauti ili ipite hewani) ya kawaida, SBC, unakula kama kilobiti 328 kwa sekunde. Barabara ilishakuwa pana kuliko gari miaka mingi iliyopita. Halafu ikaja 5.0 mwaka 2016 na tangazo lake la kasi mara mbili na umbali mara nne, watu wakaruka. Maboresho yale yaliwekwa upande wa Bluetooth ya nishati ndogo, unaotumiwa na saa za mkononi, mizani na vitambuzi. Bongofleva yako inapita upande wa pili, ule wa zamani.

"Lakini fundi, 5.2 ina sauti mpya." Najua. Kila nikisema haya hatakosekana mmoja wa kunirukia na LE Audio, mfumo mpya wa sauti unaopita kwenye ile Bluetooth ya nishati ndogo, na ana haki nusu. Ni kweli toleo la 5.2 ndilo lililofungua mlango wa LE Audio na kodeki yake LC3, ambayo ni nzuri na haitumii betri nyingi. Nusu asiyo na haki ndiyo inayonipandisha presha.

Fikiria ubao wa mama lishe. Umeandikwa chai, supu, chapati, maharage, wali nyama. Unakaa, unaagiza supu, anakuambia, "Supu hamna leo mwanangu, kuna chai na chapati." Ubao haujakudanganya. Umesema kinachoweza kupikwa pale, haukusema leo kimepikwa nini. Namba ya toleo ni ubao huo. Inaorodhesha vitu ambavyo kiwanda kinaweza kuweka, na vingi kati ya hivyo si vya lazima. Eafoni inaweza kuitwa 5.3 kwa halali kabisa na ndani isiwe na hata chembe ya LE Audio. Na hata ikiwa nayo, simu yako nayo lazima iwe nayo. La sivyo zinarudi kuongea lugha ya zamani ambayo zote mbili zinaijua. Boksi likiandika 5.3 na kunyamaza, wewe hesabu kwamba supu hamna. Aliyeweka LE Audio ameilipia, hawezi kusahau kuiandika.

Kuna ukweli mmoja hauipendi hoja yangu, lakini niuseme. Chipu mpya ndizo huja na namba kubwa, na chipu mpya mara nyingi hazikati hovyo na hutunza betri. Kwa hiyo boksi mbili zikiwa za bei moja, sifa moja, na hujaweza kujaribu hata moja, sitamcheka anayebeba namba kubwa. Namcheka anayetupa eafoni nzuri ya 5.0 na kuchukua takataka ya 5.3. Tena kwenye zile za elfu kumi na tano namba yenyewe ni stika. Nimewahi kufungua mbili za maboksi tofauti, moja 5.1 na nyingine 5.3, ndani nikakuta ubao mmoja na chipu yenye maandishi yaleyale.

Na kukatakata? Mara nyingi ni mwili wako. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, mwili umejaa maji, na maji yanayanywa mawimbi hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kushoto na eafoni kubwa, ile inayopokea kwa niaba ya mwenzake, ikiwa kulia, mawimbi yanatafuta njia ya kuzunguka kiwiliwili. Stendi kwenye watu na Wi-Fi za kila kibanda ndiyo kabisa. Hamisha simu mfuko wa kifuani kabla hujaja kunigombeza.

Turudi kwenye besi. Besi ya eafoni za kuingiza sikioni inakaa kwenye mpira, kile kipande laini ambacho boksini huja jozi tatu, kidogo, cha kati na kikubwa. Viwili wateja wangu wanavitupa pamoja na karatasi ya maelekezo. Spika ndogo kama kifungo cha shati inaweza kutoa besi kwa sababu moja tu, kwamba inasukuma hewa kwenye chumba kidogo kilichozibwa. Ukiacha upenyo, sauti nzito zinavuja zote, zinabaki nyembamba. Ndipo mtu anaongeza sauti kufidia besi, na besi haiji, zinazokuja ni kelele za juu zinazomla masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kama mpaka kwa mtu mzima, na kila ukipanda desibeli 3 saa hizo zinagawanywa kwa mbili. Fanya hesabu ya anayesikiliza kwa asilimia mia kutoka Mwanjelwa hadi Uyole kila siku kwa sababu amevaa mpira mdogo.

Jaribio halina gharama. Weka wimbo wenye gitaa zito la besi, vaa, halafu sukuma eafoni kwa kidole, polepole. Besi ikijaa ghafla, mpira wako ni mdogo. Na usidhani masikio yako ni mapacha. Mimi kushoto navaa wa kati na kulia mkubwa. Zile za mtindo wa AirPods za kawaida zisizo na mpira ni jambo jingine: ama sikio lako linazipenda ama halizipendi, na hakuna spea ya sikio.

Halafu nta. Hapa nakiri dhambi. Miaka ya nyuma nilimwambia mama mmoja kutoka Tukuyu kwamba upande wa kulia wa eafoni zake umekufa. Akanunua mpya kwangu, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akaenda zake. Zile za zamani aliniachia. Wiki iliyofuata nikazifungua kutafuta spea, nikaweka wavu wake mbele ya taa: umezibwa na nta kama dirisha lililopigwa plasta. Nikausugua kwa mswaki mkavu, uso ukiwa umeangalia chini ili uchafu udondoke nje usiingie ndani. Spika ikalia vizuri kabisa. Sikuwa na namba yake. Tangu siku hiyo hakuna upande unaokufa mezani kwangu kabla ya mswaki, na kabla ya kufuta vile vipini vya shaba ndani ya kasha kwa pamba yenye spiriti kidogo. Upande usiochaji mara nyingi ni vipini vichafu tu. Pini ya kushonea usiitumie, utatoboa utando.

Kodeki nitazipitia haraka, maana nazo zimeshakuwa dini. SBC ziko nazo zote. AAC ndiyo ya iPhone. iPhone haina LDAC wala aptX, kwa hiyo ukinunua eafoni ya LDAC kwa ajili ya iPhone umenunua tela huna trekta. LDAC ni ya Sony, iko ndani ya Android tangu toleo la 8.0 la 2017, na inafika kilobiti 990 pale mawimbi yakiruhusu. Kuona unatumia ipi, nenda Kuhusu simu, gonga namba ya toleo la programu mara 7, menyu ya wasanidi itafunguka, humo kuna kodeki ya Bluetooth.

Nilijipima. Nilikaa nimegeuka ukutani, kijana ninayemfundisha kazi akawa anabadilisha AAC na LDAC, wimbo uleule, eafoni zilezile. Mara 10. Nilipatia 6. Sarafu ingenipa 5. Kusema kweli iliniuma, maana nimekuwa nikiwauzia watu LDAC kwa uso mkavu. Labda ni masikio yangu, nimekaa sana karibu na maspika ya harusi. SBC ya eafoni za bei ya chini huwa naikamata, au nadhani naikamata. Shida ni kwamba pale kodeki ya hovyo na spika ya hovyo huja zimeshikana mikono, na mimi sijaweza kuzitenganisha.

Sasa lalamiko ninalolikubali lote, na ambalo kwa ajabu hakuna anayeliuliza kabla ya kununua. Bodaboda wa kijiweni kwetu alinieleza vizuri kuliko kitabu: "Muziki unalia kama studio, ila nikipokea simu inakuwa redio ya mbao." Hajaibiwa. Bluetooth ya zamani ina njia mbili, ya muziki na ya simu. Ya muziki inaenda upande mmoja tu, kutoka simu hadi sikioni, kwa stereo, sampuli 44,100 kila sekunde. Haina nafasi ya maiki. Maiki ikihitajika, muziki unasimama, zinaingia kwenye njia ya simu: mono, sampuli 16,000, au 8,000 kwa zile duni. Ndivyo inavyokuwa pia kwenye gemu ukiwasha maiki kuongea na wenzako. Milio yote inanywea. Eafoni ya bei kubwa itakuwa na maiki nzuri, lakini kwenye mfumo huu wa zamani nayo inapita mlango uleule. Hapa ndipo LE Audio ingekuwa na maana kweli, kwa sababu LC3 inaenda na kurudi. Kama huna, ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth, chagua eafoni yako, zima kitufe cha simu na uache cha muziki, uongee kwa maiki ya simu yenyewe. (Bodaboda nilimwambia jambo la ziada: ukiteremka Mlima Iwambi na malori yako nyuma, vua zote. Alicheka. Mimi sikucheka.)

ENC na ANC. ENC inasafisha maiki yako ili unayeongea naye asisikie upepo. Wewe hupati kitu. ANC ndiyo inayopunguza kelele masikioni mwako, na inafaa zaidi kwa mngurumo wa chini usiobadilika, kama injini ya basi la Dar. Mtoto analia siti ya nyuma utamsikia tu. Wauzaji wanazichanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana.

mAh za kwenye boksi, yaani ujazo wa betri, zisome kama ahadi za kampeni. Kasha la kutosha kiganjani limeandikwa 2,000, ndani nimekuta betri ya 300. Eafoni yenyewe hubeba 30 hadi 60 hivi. Na Juni na Julai, baridi ya huku ikibana, msije mkaniambia betri imekufa: lithiamu ikipoa inatoa kidogo kuliko ilichobeba, ikipata joto inarudi. Kasha likae mfuko wa ndani wa koti. IPX4, ile alama ya kuhimili maji, ni matone na jasho, si mvua ya Rungwe. Na X hapo ina maana kwamba vumbi halikupimwa.

Yule kijana wa chuo? Nilimaliza kusoda, nikamuuliza mipira mingine iko wapi. Hakuelewa swali. Nikatoa jozi kubwa kwenye kopo langu, nikamvalisha kwenye hizohizo 5.0 zake, nikamwambia aweke wimbo ule anaosema hauna besi. Akasikiliza karibu wimbo mzima, kichwa kinaenda mbele na nyuma. Akavua moja.

"Fundi, sasa hizi zimekuwa ngapi?"

Nikamwambia mipira ni buku.