Draiva ya kompyuta ni kitu gani, na mbona ikisumbua watu wanasema mashine imekufa

Ukitaja draiva hapa Kampala mtu anawaza yule jamaa wa kamunye pale Old Taxi Park anayegoma kuondoka mpaka siti zote zijae. Hii ya kompyuta haiendeshi kitu, kazi yake ni ya mkalimani. Chukua mama ametoka Mombasa kuja soko la Owino kununua mivumba, yaani mitumba, hajui Luganda hata neno, na muuzaji naye Kiswahili hasikii, mali iko na pesa iko lakini biashara haisongi mpaka apatikane kijana anayejua lugha zote mbili. Windows ndo huyo mama, printa yako ndo muuzaji, draiva ndo kijana. Ni programu ndogo tu inayojua Windows ikisema "chapa" basi printa ya aina hiyo inaambiwaje.

Sasa kijana anaweza kukosekana kabisa, au ukaletewa anayejua Acholi wakati muuzaji ni Mganda, au alikuwa anafanya kazi vizuri alafu Windows ikajiapudeti usiku na asubuhi hawaelewani tena. Ndo unaona sauti hakuna, alama ya wifi imepotea kabisa, maandishi kwa skrini yamekuwa makubwa kama ya kibao cha barabarani, printa inasema iko offline na wewe unaiona hapo mbele inawaka taa.

Mwaka jana laptopu yangu ilikosa sauti, fundi mmoja akanambia sound kadi imeungua, tupige Windows upya na tukishindwa tubadilishe bodi. Kumbe ilikuwa draiva tu. Sisemi mafundi wote ni wabaya, lakini kuna wengine dawa yao ya kila ugonjwa ni kupiga Windows na mafaili yako yakienda shauri yako.

Kabla hujatoa hela bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager. Kifaa chenye shida kina pembetatu ya njano na alama ya mshangao. Kibonyeze mara mbili usome namba ya kosa iliyoandikwa Code. 28 maana yake draiva haijawekwa, hio ni rahisi. 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza. 43 ni kifaa chenyewe kimeripoti kina shida na Windows ikakisimamisha, na kama ni kitu cha USB hapo usikimbilie kumaliza bando ukidownload draiva, badilisha kwanza waya na tundu maana mara nyingi waya ndo umechoka.

Kama ilianza kusumbua baada ya apudeti, ingia kwa Properties, kipande cha Driver, bonyeza Roll Back Driver, inarudisha ile ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia ujue ya zamani haikuhifadhiwa, basi ondoa kifaa kwa Uninstall device uzime na kuwasha, Windows itajaribu kukiweka tena yenyewe.

Ya wifi ndo inachekesha, kupata draiva unahitaji intaneti na intaneti unahitaji draiva. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, laptopu itapata neti kupitia simu bila kudai chochote. iPhone hapo inaleta mambo kwa sababu yenyewe inataka draiva yake kwanza.

Draiva ichukue kwa tovuti ya waliotengeneza mashine. HP, Dell na Lenovo unaandika tu namba iliyo kwa stika chini ya laptopu wanakuonesha zako. Hizi used zinazotoka Dubai stika huwa imefutika, basi kwa Device Manager bonyeza kifaa mara mbili, fungua Details uchague Hardware Ids, ukikuta VEN_8086 hio ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, unajua umtafute nani. Zile programu zinazojisifu zitakuwekea draiva zote kwa klik moja mimi sizitaki, nyingine zinakuwekea ya kifaa tofauti na matangazo juu.

Na uwe mpole, draiva nyingi zinakaa ndani kabisa kwenye kerneli, moyo wa mfumo, ndo maana moja mbovu inaangusha mashine nzima kwa skrini ya bluu. Tarehe 19 Julai 2024 apudeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ambayo programu yake inafanya kazi kama draiva humo humo, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama. Kwa hivyo tengeneza restore point kwanza, yaani alama ya kurudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika, na usianze kama betri iko chini na stima ya mtaani kwenu inajulikana tabia yake.

Ukifanya yote hayo bado, weka Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux unaokaa mahali pa Windows, kwa flash uwashe nayo laptopu bila kuinstoli, chagua ile ya kujaribu tu. Kerneli ya Linux inakuja na draiva nyingi ndani yake. Sauti ikilia huko basi kifaa ni kizima na kosa liko kwa draiva ya Windows, ikinyamaza huko pia, hapo sasa ndo uipeleke laptopu kwa fundi na bisibisi yake.