Ateri za mguu: dhana potofu katika uwekaji wa misimbo

Naandika kwa wanaoweka misimbo ya magonjwa kwa ICD-10-CM, mfumo unaotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na kwa madaktari wanaoandika majalada tunayoyasoma.

Dhana: I73.9 inatosha.

Haitoshi. Huo ni msimbo wa ugonjwa wa mishipa ya pembeni ambao haukufafanuliwa. Daktari akishaandika atherosklerosisi, yaani mafuta yaliyoganda ndani ya ateri za mguu, tunahamia I70.2, na tarakimu inayofuata hueleza hali ya mgonjwa. Kigimbi kinachouma akitembea na kutulia akisimama ni I70.21. Maumivu yasiyomwacha hata akiwa kitandani ni I70.22. Kidonda cha mguu wa kulia ni I70.23, cha kushoto I70.24, gangrini, yaani nyama ya mguu iliyokufa, I70.26. Anayeumwa akitembea mara nyingi hushauriwa azidi kutembea; mwenye gangrini yumo hatarini kukatwa mguu. Ukiwapa wote I73.9, kwenye kumbukumbu wanakuwa wagonjwa wa aina moja, na hilo linaniuma kila ninapoliona. Angalia pia kama ateri ni ya asili, maana mshipa uliopandikizwa una misimbo yake, I70.3 hadi I70.7.

Dhana: lazima daktari aandike kwamba kisukari ndicho kilichoharibu ateri.

Si lazima. Mfumo wenyewe unachukulia kuwa vinahusiana, isipokuwa daktari ameandika wazi kuwa havihusiani. Kwa kisukari cha aina ya pili tunaanza na E11.51, au E11.52 penye gangrini, kisha I70.2 inayofafanua ateri. Kukiwa na kidonda, tunaongeza L97, inayotaja mahali, upande na kina: kimeishia kwenye ngozi, kimefika kwenye mafuta, au msuli au mfupa umekufa? Daktari ndiye anayetambua kidonda, lakini kina chake kinaweza kuchukuliwa kwenye maandishi ya muuguzi. Kwa hiyo muuguzi anayefungua bandeji na kuandika "kidonda kipo" tu, anatunyima taarifa tunayoihitaji sana.

Dhana: kipimo kimetoa 0.6, basi weka msimbo.

Kipimo chenyewe ni uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono; ukiwa 0.90 au chini yake, si wa kawaida. Hata hivyo namba si utambuzi wa ugonjwa. Mwulize daktari, tena bila kumwekea jibu mdomoni. Kwa wenye kisukari, ateri zilizokakamaa huweza kupandisha uwiano huo kupita 1.40 ilhali damu haifiki vizuri vidoleni.

Dhana: "inadhaniwa ateri zimeziba" ni sawa na "zimeziba".

Kwa mgonjwa wa nje, hapana. Weka msimbo wa dalili aliyokuja nayo. Maumivu ya mguu wa kulia, kwa mfano, ni M79.604.