Mgodi haujaanza, sasa mnapima nini hewani?

Hilo swali naulizwa kila nikikanyaga kijiji chenye habari za urani (madini yenye mionzi), iwe Namtumbo kwenye mradi wa Mto Mkuju au kule Bahi na Manyoni ambako urani iko karibu kabisa na uso wa ardhi. Mgodi wenyewe bado, sasa nyie na mashine zenu mnatafuta nini? Jibu langu ni kwamba hapo ndo penyewe, manake vumbi la kuchimba likishatimka hakuna fundi wa kukwambia hewa ilikuwaje mwanzo, mwenye mgodi atasema mionzi ilikuwepo tangu enzi za mababu, mwanakijiji atasema imeletwa na mgodi, na unakuta kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Mionzi ya asili ipo kila mahali, wastani wa dunia ni kama milisiverti 2 hadi 3 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mtu kwa mwaka, na penye urani ardhini inaweza kuzidi hapo hata kama greda halijawahi kupita. Kinachoruhusiwa shughuli kama mgodi kumwongezea mwananchi ni milisiverti 1 kwa mwaka, juu ya ile ya asili. Sasa nyongeza utaijuaje kama hujui ulianza na ngapi?

Ile mashine inayounguruma uwanja wa shule (watoto wanaamini ni kamera) ni mota tu inayonyonya hewa kupitia filta, kwa masaa 24 inapitisha kama mita za ujazo 1,600. Filta inaingia nyeupe pe, imeshapimwa uzito maabara, tunaishika kwa koleo maana jasho la kidole tu linaharibu hesabu, na kiangazi inatoka na rangi ya chai ya rangi. Tunaipima tena, tofauti ya uzito ndo vumbi. Kwa vumbi la kuingia kifuani (lile linaloitwa PM10) WHO wanashauri lisizidi mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa siku. Lakini uzito peke yake unadanganya, msimu wa kuchoma mashamba filta inarudi nyeusi na nzito kumbe ni masizi matupu, urani hamna. Ndo maana tukishapima uzito tunahesabu na mionzi ya alfa, ile inayotolewa na urani.

Na hapo kwenye kuhesabu ndo watu wanapoteana. Siku moja kijana wa timu yetu alisogeza kipima mionzi kwenye filta iliyotoka kwenye mashine muda ule ule, kikaanza kulia trrrr, mzee mmoja pale akashika kiuno, "Ndo hiyo, tumeshakwisha." Nikamwambia mzee shikamoo tena, hebu kaa kwanza tunywe chai. Tukanywa, tukaongea mambo ya mahindi, baada ya saa moja na kitu nikairudisha filta ile ile na mlio ulikuwa umepungua vizuri tu. Kilichokuwa kinalia ni vitoto vya radoni, gesi yenye mionzi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini popote, vitoto vyake (chembe zinazobaki radoni ikivunjika) vinang'ang'ania vumbi halafu vingi vinajifia ndani ya masaa machache. Hata ungenyonya hewa ya Kariakoo kipima kingelia. Kwa hiyo maabara filta inakaa siku kadhaa kwanza, ndo inahesabiwa, kinachobaki ndo tunachokitafuta, yaani vumbi la mwamba wenye urani, ambayo kupungua nusu inachukua miaka bilioni 4.5, huyo chai haimalizi.

Radoni yenyewe tunaipima kwa kikopo chenye kipande cha plastiki ndani, kinaning'inizwa nyumbani miezi mitatu, alfa zinakwaruza ile plastiki, baadaye tunaichemsha kwenye dawa na kuhesabu makovu kwa hadubini. WHO wanapendekeza isizidi bekereli 100 (kipimo cha wingi wa mionzi) kwa mita ya ujazo ya hewa ya ndani, ikishindikana basi isivuke 300. Mama mmoja alikihamishia kikopo nje kwenye mti kisa watoto wanakichezea, miezi mitatu ikaenda na maji.

Ila kitu kinachonikera ni vipimo vya mara moja. Alfajiri hewa imetulia radoni inalundikana chini, saa saba mchana jua limewaka imeshatawanyika, sehemu ile ile, siku ile ile. Mvua nayo inalaza vumbi, upepo ukigeuka kituo kilichokuwa nyuma ya mgodi kinakuwa mbele. Ndo maana tunataka mwaka mzima usiopungua, na kituo kingine mbali upepo unakotokea, cha kulinganishia.

Siku wakileta karatasi ya matokeo kwenye mkutano wa kijiji uliza ilipimwa saa ngapi, mwezi gani, upepo ukitoka wapi, na filta ilikaa siku ngapi kabla ya kuhesabiwa. Wakikwambia tulipima Februari mara moja asubuhi, waambie warudi Septemba na mashine yao.