Simu ya marehemu: namna ya kuupiga picha ujumbe usiotarajiwa

Katika filamu ya mzimu iendayo polepole, hasa inayomhusu mfiwa na simu yake, waandishi wengi huhangaikia maneno: marehemu aseme nini? Mimi naona kazi iko kwingine. Ujumbe wenyewe ukiwa wa kawaida kabisa ndio mzuri. "Uko wapi?" inatosha. Kinachomsisimua mtazamaji mwili ni ule muda kati ya kutuma na kujibiwa, kwa sababu mfiwa anaishi humo humo: anajua mtu hayupo, na bado anangoja.

Kifo na mitambo vimeandamana tangu zamani. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore. Mwaka 1848 akina dada wa familia ya Fox, huko Hydesville katika jimbo la New York, wakadai kuzungumza na roho kwa milio ya kugonga. Telegrafu ilikuwa imekwisha kuwaonyesha watu kwamba asiyeonekana anaweza kusema kwa kugonga. Mwaka 1959, huko Sweden, Friedrich Jürgenson alirekodi ndege kwenye tepu, na aliposikiliza akaamini kasikia sauti za binadamu. Chombo chochote kinacholeta sauti pasipo mwili humwachia mfiwa nafasi ya kutumaini.

Basi muda wa kungoja uandikwe kwenye skripti, kwa sekunde. Jibu la kwanza lije baada ya sekunde 4, la pili baada ya 9, na la tatu lije papo hapo, kabla mwigizaji hajashusha kidole. Mtazamaji akishazoea kungoja, haraka ndiyo inayotisha. Alama ya kwamba mtu anaandika ionekane sekunde 6, ipotee, irudi. Mwigizaji naye angoje kweli. Akijua lini ujumbe utaingia, uso wake utashtuka kabla macho hayajafika mwisho wa mstari, na kamera huliona kosa hilo bila huruma. Msaidizi akae nje ya fremu na kuziachia jumbe kutoka simu nyingine, kwa programu ya kuigiza mazungumzo, huku simu ya mwigizaji ikiwa haina laini.

Skrini yenyewe ni mtihani. Ukipiga fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde na shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya nyuzi 180, kila fremu inapata mwanga kwa 1/48 ya sekunde, ilhali skrini nyingi za simu hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Matokeo ni mistari inayotambaa juu ya kioo. Weka shata nyuzi 144, yaani 1/60, kisha ujaribu kwa simu ile ile utakayotumia. Skrini za OLED, ambazo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, zina tabia nyingine: nyingi, ukipunguza mwangaza kwenye mipangilio, hujipunguza kwa kuwaka na kuzima haraka sana, na mistari inarudi. Kwa hiyo acha mwangaza juu kabisa, halafu ufunike kioo kwa karatasi ya kichujio cha kijivu cha 0.6, inayokata mwanga hadi robo. Zima pia mwangaza wa kujirekebisha na rangi ya usiku. Mwanga wa skrini huwa karibu kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga: kikiwa juu ni samawati, kikiwa chini ni chungwa), na taa ya tungsteni 3200. Kamera ikiwekwa 4300, uso wa mwigizaji unabaki nusu samawati, nusu chungwa. Mgawanyo huo naupenda sana: upande mmoja wa uso uko nyumbani, mwingine uko kwa marehemu.

Kuweka skrini ya kijani ili kubandika ujumbe baadaye sikushauri. Ukijani hupanda hadi kidevuni, na kila kidole kinachopita juu ya kioo lazima kikatwe fremu kwa fremu. Tena ujumbe ukiingia, mwanga usoni haubadiliki, na jicho linajua limedanganywa.

Sauti ndiyo inayoharibiwa zaidi. Marehemu akisikika kwenye ujumbe wa sauti, mafundi wengi humwongezea mwangwi. Mwangwi humwambia mtazamaji moja kwa moja kwamba huyu ni mzimu, na shaka, ambayo ndiyo uhai wa filamu, inakufa. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3400 tu. Chuja hapo, basi. Mrekodi mwigizaji mahali halisi penye bomba linalomwaga maji au kiti kinachoburuzwa, si kwenye chumba cha studio. Mfiwa hurudia kuusikiliza ujumbe huo kwa ajili ya vile visauti vidogo vya nyuma. Mara ya kwanza na ya pili uwe sawasawa. Mara ya tatu ongeza pumzi moja mwishoni, bila kumwonyesha mtu yeyote akiitambua.

Kila chumba kirekodiwe kikiwa kimya, angalau sekunde 60, kila mtu akiwa ametulia. Bila sauti hiyo ya chumba, muda wa kungoja utakuwa na shimo tupu, na mtazamaji atadhani spika zimeharibika. Na kama hadithi inatokea enzi za mtandao wa 2G, una zawadi: mipigo ya redio ya simu hizo, karibu 217 kwa sekunde, huingia kwenye spika zilizo karibu na kuguruma kabla simu haijaita.

Kwenye uhariri, ujumbe ukilia usikimbilie kioo. Baki usoni sekunde 2 au 3. Ukifika kwenye kioo, kaa hapo hadi uweze kuusoma ujumbe kwa sauti mara mbili. Kisha rudi usoni, na usikate. Simu ikiwa imepangwa kujizima baada ya sekunde 30, iache ijizime yenyewe mbele ya kamera, ule upande wa samawati wa uso upotee, na mwigizaji asiiguse.