Paja linalouma kwa mgonjwa wa saratani: msisubiri mfupa uvunjike

Lalamiko linalojirudia siku hizi katika wodi yetu ya mifupa hapa Dodoma ni hili: "Mgonjwa wetu kapasuliwa paja, kawekewa vyuma, mbona saratani haijapona?" Ndugu zangu, vyuma haviponyi saratani. Ni heri hilo lieleweke kabla ya upasuaji, maana kulieleza baadaye kunatuumiza sote.

Saratani za matiti, tezi dume, mapafu, figo na thairoidi (tezi ya shingoni) ndizo zinazohamia sana kwenye mifupa, na kati ya mifupa mirefu, wa paja ndio unaovunjika zaidi. Mama mmoja aliyewahi kuondolewa titi aliletwa kwetu mfupa umevunjika akijigeuza kitandani. Hakuanguka. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikandwa maji ya moto na kuchomwa sindano za maumivu. Nilipoinua eksirei kwenye mwanga niliona nguzo iliyoliwa na mchwa: ganda la nje lipo, ndani unga. Mwanawe akauliza kama POP, yaani plasta ngumu, ingetosha.

Haitoshi. Mfupa uliovunjika namna hii mara nyingi hauungi, hata mguu ukivutwa kwa uzito miezi mitatu. Mgonjwa ataambulia vidonda vya kulalia na nimonia. Ndiyo maana tunapitisha chuma kirefu ndani ya mfupa, kutoka nyongani hadi karibu na goti, au tunaweka nyonga bandia ikiwa palipovunjika ni shingo ya mfupa. Tunachotarajia ni maumivu yapungue, mgonjwa aweze kukaa, asimame, aende chooni mwenyewe. Ataishi muda gani, hilo huamuliwa na saratani yenyewe: ya mapafu mara nyingi ni miezi, ya matiti au tezi dume wengine hupata miaka. Hatari zipo: kutokwa damu nyingi, hasa saratani ya figo, damu kuganda na kukimbilia mapafuni, kidonda kupata maambukizi. Zote tunazieleza kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Naomba mzisikilize, msiweke dole gumba tu.

Upasuaji wenye matokeo mazuri zaidi ni ule unaofanyika kabla mfupa haujavunjika: damu kidogo hupotea, siku za wodini hupungua, mgonjwa hutembea mapema. Kujua mfupa upi uko karibu kuvunjika, tunatumia alama za Mirels, zilizochapishwa mwaka 1989. Tunaangalia mahali penye tundu lililoliwa na saratani, ukubwa wake, aina yake na maumivu. Kila kimoja kina alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 9 kati ya 12, tunashauri chuma kiwekwe. Paja linalouma ukikanyaga hupewa 3.

Mje na barua ya rufaa, majibu ya patholojia (kipimo cha kinyama kilichokatwa), picha zenyewe za eksirei (si maelezo ya mdomo), kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima kama ipo. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na aanze mapema, si siku ya kuruhusiwa. Ndugu wachangie damu. Damu haiuzwi, ukiombwa pesa, toa taarifa kwa uongozi wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kama saratani haijajulikana ni ya wapi, tutachukua kinyama cha kupima kwanza, hata familia ikiona tunachelewesha. Chuma kikipitishwa kwenye saratani iliyoanzia mfupani humo humo, huieneza paja zima, na mguu unaweza kukatwa. Hapo kweli kisu hueneza. Lakini kusema "saratani haiguswi na kisu" na kumficha mgonjwa nyumbani hadi mfupa ukatike ni kosa, na nimelisikia mara nyingi mno.

Kidonda kikipona, kwa kawaida wiki 2 au 3, ni mionzi: hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Wengi hawaendi kwa sababu "anatembea sasa". Saratani iliyobaki huendelea kula mfupa, na chuma hulegea au hukatika.

Yule mama alipanda treni akaenda. Aliporudi kliniki alikuwa na gongo moja, na kabla sijamuuliza lolote akaniambia paja la pili limeanza kuuma akikanyaga. Tulipiga eksirei siku ile ile.