Uwezo wa malisho si namba moja

Uwezo wa malisho ni idadi ya mifugo ambao ardhi fulani inaweza kuwalisha kwa kipindi fulani bila nyasi na udongo kuharibika. Modeli ya kompyuta huukadiria kwa kuunganisha mvua, udongo, ukuaji wa nyasi na ulaji wa wanyama. Basi, maana ni hiyo.

Balaa huanzia kwenye warsha za Nairobi, mtu anaposimama na kutangaza kwamba kompyuta imeonyesha Kaunti ya Kajiado inabeba ng'ombe kadhaa, kwa hiyo waliozidi wauzwe. Inabeba kwa mvua ya mwaka gani? Hapo huwa kimya.

Tufanye hesabu. Kipimo kinachotumika huku kwetu ni mnyama wa kilo 250. Ng'ombe mmoja huhesabiwa 0.7, mbuzi 0.1. Mnyama huyo wa kilo 250 hula kama kilo 2,300 za majani makavu kwa mwaka. Chukua ranchi ya hekta 5,000. Mvua imenyesha vizuri, tuseme kila hekta imetoa kilo 1,500, nawe umeamua mifugo wale asilimia 30, nyingine zibaki kukinga udongo. Utalisha wanyama 980 hivi. Mwaka unaofuata mvua inakatika, hekta inatoa kilo 500. Sasa ni 325.

Mtaalamu wetu anachukua wastani, 650, anauita "uwezo wa ranchi". Mwaka wa neema nyasi zitabaki bila kuliwa, na mwaka wa ukame utakuwa na mifugo mara mbili ya wanaofaa. Hakuna mwaka hata mmoja ambao namba hiyo ilikuwa kweli!

Haya si mapya. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift, waliofanya utafiti Turkana, walieleza kwamba pale mvua inapobadilika kupita kiasi, ukame ndio hupunguza mifugo kabla mifugo hawajamaliza nyasi. Wapo waliowapinga, wakisema uwiano kati ya idadi ya mifugo na nyasi zilizopo bado upo kwenye malisho ya kiangazi, kando ya mito na mabwawa, ambako mifugo hukimbilia kila kitu kinapokauka. Lakini pande zote mbili hakuna aliyetetea namba moja ya kudumu.

Kinachoniudhi zaidi ni ile asilimia 30. Setilaiti haikuiona popote. Ni uamuzi wa binadamu: nyasi kiasi gani ziliwe, kiasi gani ziachiwe ardhi. Ukiweka 50, mifugo wanaongezeka kwenye karatasi bila tone la mvua kuongezeka. Halafu modeli nyingi za namna hii huchukulia ranchi ina ua. Ukame wa 2022 ulipokaza, ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakilisha kando ya barabara hapa hapa Nairobi. Mpaka wa kaunti haukuwazuia. (Wafugaji wa simu, wenye ng'ombe Kajiado na ofisi Upper Hill, wanalijua hili kuliko wanavyokiri.)

Kwa hiyo ndugu zangu, tutenganishe. Uwezo wa malisho ni makadirio, nao hubadilika kila msimu. Idadi unayoweka shambani ni uamuzi wako. Ukiandika ripoti, taja msimu, kiwango cha mvua ulichokisia na sehemu ya nyasi uliyoachia ardhi, kisha toa namba mbili au tatu badala ya moja. Na pale ulipoandika "kompyuta imeamua", weka "tumeamua".