Je, wajua kwa nini skripti namba 100 hutangulia namba 20?

Kwenye kompyuta nyingi za Linux, mtandao husimamiwa na programu iitwayo NetworkManager. Kila mtandao unapowaka au kuzimika, programu hiyo hupitia folda ya /etc/NetworkManager/dispatcher.d na kuendesha skripti zilizomo, yaani mafaili madogo ya amri, moja baada ya nyingine. Kila skripti huambiwa mambo mawili: jina la kadi ya mtandao, mathalani wlan0, na kilichotokea, mathalani up au down.

Tuseme zimo mbili. 20-vpn inafungua njia ya faragha ya kwenda ofisini, na 100-folda inaunganisha mafaili ya ofisi kupitia njia hiyohiyo. Ungetarajia 20 ianze. Haianzi. 100-folda inatangulia, inaitafuta seva, haiioni, inakata tamaa. Kisha VPN inafunguka vizuri kabisa, na hakuna wa kuitumia.

Wengi hudhani mpangilio unafuata ukubwa wa namba. Wengine hudhani ni tarehe ya faili, ndiyo maana utamkuta mtu anafuta skripti na kuiandika upya, akitumaini itakwenda mkiani. Si hivyo wala vile. Kwa NetworkManager, 100 si mia moja; ni alama tatu zilizofuatana, na majina hupangwa kama maneno ya kamusi. Kwenye kamusi, "azimio" hutangulia "bao" ingawa ni refu zaidi: a imekuja kabla ya b, shauri limekwisha, herufi zilizobaki hazina wa kuzitazama. Hapa nako 1 ya 100 inapimwa na 2 ya 20, basi. Kwa mtindo huohuo 9-dns itapangwa nyuma ya 80-saa.

Kinachoikoleza dhana ya ukubwa wa namba ni dirisha la mafaili. Programu nyingi za kufungulia folda zinajua kuhesabu, kwa hiyo zitakuonyesha 20 juu ya 100, mpangilio nadhifu ambao hakuna anayeufuata.

Dawa ni kuipa 100-folda jina la 30-folda. Tarakimu mbili ndizo zilizozoeleka humo; Debian, mojawapo ya aina za Linux, huja na 01-ifupdown. Kuhakiki, weka amri ya kuandika kumbukumbu, logger "$0 $1 $2", mwanzoni mwa kila skripti, unganisha upya, kisha soma kumbukumbu kwa amri ya journalctl.

Hata hivyo jina linapanga zamu ya kuanza tu. Skripti ikiiachia kazi yake iendelee nyuma ya pazia kwa alama ya &, inayofuata haitaisubiri. Tena, skripti iliyokwisha kuingia foleni haitoki: chomeka waya na kuuchomoa harakaharaka, na skripti ya up yaweza kuendeshwa kadi ikiwa imeshazimika. Mwongozo wa programu yenyewe unalisema hilo bila haya. Ndiyo maana skripti makini huanza kwa kuuliza kama kadi bado iko hewani.